Alama za magurudumu jiweni: njia ya walowezi itunzwe ya nini?

Karibu na mji mdogo wa Guernsey, mashariki mwa jimbo la Wyoming, mto North Platte unapita chini ya kilima cha jiwe la mchanga. Katikati ya karne ya 19, magari ya maksai yaliyokuwa yakielekea Oregon na California yalipanda kilima hicho, na jiwe la mchanga si gumu. Gurudumu lenye pete ya chuma likipita mara moja linaacha mkwaruzo. Likifuata lingine, na lingine, majira baada ya majira, mkwaruzo unageuka mfereji. Leo mifereji hiyo imefika kina cha mita moja na nusu mahali pengine. Mtu akishuka ndani, ukingo unamjia kifuani. Katikati, baina ya gurudumu la kushoto na la kulia, jiwe limesuguliwa na kwato na nyayo. Nyayo, kwa sababu wengi wa wasafiri wale walikwenda kwa miguu. Gari halikuwa na springi, na lilibeba karibu tani nzima ya unga, nyama ya chumvi, maharage na vyombo. Anayepanda ni mgonjwa, mtoto mchanga au mjamzito, na hata hao walishuka mara nyingi wakaona heri vumbi kuliko kutikiswa.

Hoja inayogombaniwa Marekani, na inayogombaniwa kwa ukali kuliko inavyoonekana kwa mbali, ni hii: jiwe hilo na nyika inayolizunguka vitunzwe kwa gharama gani, na anayefika pale asimuliwe nini?

Kwetu sisi mjadala huu unaharibiwa na neno kabla haujaanza. Wamarekani wana neno la heshima kwa watu wale, neno la mfungua njia, la aliyetangulia. Kiswahili kinatupa “mlowezi”, na mlowezi kwa sikio la Mkenya ana shamba la ekari elfu, bunduki, na kipande anachokidai kwa mwenye ardhi. Siyo kwamba sikio hilo limekosea. Makaburu waliotoka Nakuru kwa magari ya maksai mwaka 1908 kwenda kujigawia Uasin Gishu walifika miaka mitatu tu baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa. Kwa hiyo msomaji wa Eldoret akisikia kuna watu Marekani wanaotumia Jumamosi zao kuchomeka vigingi kwenye alama za magurudumu ya walowezi, anacheka au anakasirika. Nami nilianza na kicheko hichohicho. Nimekiacha, na sababu zangu si zile ambazo watunzaji wenyewe wangezitaja kwanza.

Kwanza tujue kilichobaki. Njia ya Oregon ilikuwa na urefu wa kilomita 3,490 hivi, kutoka Independence, Missouri, hadi Oregon City. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya njia za taifa mwaka 1968, na mwaka 1978 likaongeza kundi la njia za kihistoria; Oregon na ile ya Wamormoni, waumini wa kanisa lililohamia Utah, zikaingia mwaka huohuo. California ilisubiri mpaka 1992. Lakini jina kwenye ramani haliwi ulinzi ardhini. Njia inakatiza mashamba ya watu, na sheria hiyo haimzuii mwenye shamba kulima. Huko Nebraska jembe limekwisha kupita. Alama zinazoonekana kwa macho ni takriban kilomita 500 tu, tena vipandevipande.

Chama cha wapenzi wa njia za Oregon na California, kilichoundwa mwaka 1982, kina mfumo wake wa kupanga vipande hivyo kwa madaraja matano. Daraja la kwanza ni njia ambayo haijaguswa tangu gari la mwisho lipite. La pili ni ile iliyoendelea kutumika, labda sasa ni barabara ya vumbi ya wafugaji. La tatu ni pale ambapo alama zimefutika lakini ushahidi upo, kwa mfano msumari wa kwato au kipande cha mnyororo. La nne limefunikwa na lami, bomba au nyumba. La tano ni kukisia. Napenda ukweli wa mfumo huu. Mtu anayekubali kuandika “hapa tunakisia tu” kwenye ramani ya kitu anachokipenda, huyo si mpiga debe.

Wanaopinga wana hoja nzito, na sina nia ya kuipunguza uzito. Wanasema kila kibao kinachowekwa pembeni ya njia hii ni sehemu ya hadithi ileile ya kujisifu: familia jasiri, nyika tupu, taifa linazaliwa. Nyika haikuwa tupu. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 uliwaahidi Walakota, Wacheyenne na wenzao dola 50,000 kwa mwaka kwa miaka 50, ili magari yapite kwa amani. Seneti ikaipunguza miaka hiyo ikawa kumi. Kule magharibi, surua iliyofika pamoja na wasafiri mwaka 1847 iliwaua Wacayuse wengi mno karibu na kituo cha mmisionari Marcus Whitman. Baadhi ya Wacayuse walimuua Whitman, mkewe Narcissa na watu wengine kumi na mmoja, na Juni 1850 wanaume watano wa kabila hilo wakanyongwa Oregon City. Njia inaishia mji huohuo. Leo kuna kituo cha wageni ambacho majengo yake yameezekwa kwa umbo la magari makubwa yenye turubai, lakini makaburi ya wale watano hayajulikani yalipo. Mwenye hoja akikuuliza kwa nini kaburi la mhamiaji lizungushiwe uzio na la Mcayuse lipotee, huna jibu la haraka.

Kuna na hoja ya pili, ya watu wa umeme. Upepo wa Wyoming ni mali, na umeme wa upepo unahitaji nyaya za kuusafirisha. Laini ya Boardman, Oregon, hadi Hemingway, Idaho, ya kilovolti 500 na karibu kilomita 470, imepigwa vita kwa miaka mingi mashariki mwa Oregon, na moja ya sababu ni kwamba nguzo zake zinaharibu mandhari ya njia karibu na Flagstaff Hill, nje ya mji wa Baker City. Wanaotaka laini wanasema dunia inaungua na ninyi mnalilia mandhari. Hili nitalirudia.

Sasa hesabu ambayo imenikalia kichwani muda mrefu kuliko nilivyotaka. Mwanahistoria John Unruh, aliyefariki kabla kitabu chake hakijatoka mwaka 1979, alikaa na shajara, barua na magazeti ya zamani akahesabu. Kati ya 1840 na 1860, kwa makadirio yake, watu takriban 296,000 walivuka nyika kwenda Oregon, California na Utah. Wangapi waliuawa na wenyeji? 362. Wenyeji wangapi waliuawa na wasafiri? 426.

Zitazame namba hizo taratibu. Aliyeuawa na mwenyeji ni msafiri mmoja kwa zaidi ya 800. Waliokufa njiani kwa sababu zote wanakadiriwa kuwa asilimia nne, yaani zaidi ya watu 10,000, na wengi wao, karibu tisa kwa kila kumi, waliuawa na magonjwa. Kipindupindu cha 1849 hadi 1852 kilipita msafara kwa msafara. Wengine walizama mitoni, wengine walikanyagwa na magurudumu ya magari yao wenyewe, na walikuwapo waliojipiga risasi kwa bahati mbaya wakivuta bunduki kutoka garini, mdomo wa bunduki ukiwa umewaelekea. Mauaji makubwa kuliko yote ya wahamiaji, pale Mountain Meadows, Utah, Septemba 1857, ambako waliuawa watu wapatao 120, yaliongozwa na wanamgambo wa Kimormoni, weupe kwa weupe. Magari yaliyopangwa duara huku wapanda farasi wakizunguka na mishale ni mali ya sinema. Magari yalipangwa duara, kweli, lakini mara nyingi ilikuwa zizi la kuzuia ng'ombe wasipotee usiku.

Mpaka hapo mtunzaji wa njia anatabasamu: wahamiaji hawakuwa jeshi, na wenyeji hawakuwa washenzi. Nilipozisoma namba hizi mara ya kwanza, nami nilitabasamu. Kisha nikaanza kujiuliza kilichoachwa nje ya hesabu.

Agosti 1854, karibu na Fort Laramie, ng'ombe mmoja kilema wa mhamiaji Mmormoni alitangatanga akaingia kambi ya Walakota. Kijana mmoja akampiga mshale, wakamla. Mzee wao, Conquering Bear, alikuwa tayari kulipa fidia. Mwenye ng'ombe akadai dola 25. Luteni John Grattan akaja na askari 29 na mizinga miwili kumkamata kijana. Maneno yakawa mengi, risasi zikalia, Conquering Bear akapata jeraha lililomuua, na Grattan na askari wake wakaangamizwa. Septemba ya mwaka uliofuata Jenerali Harney alilipiza kisasi pale Blue Water Creek, Nebraska: Walakota 86 waliuawa, wanawake na watoto wapatao 70 wakachukuliwa mateka.

Sasa waingize watu hawa katika jedwali la Unruh. Hawaingii. Askari si wahamiaji, kwa hiyo Grattan hayumo ndani ya 362, na waliouawa na askari hawamo ndani ya 426. Jedwali halikosei, linahesabu kile linachosema linahesabu. Lakini chanzo kilikuwa ng'ombe wa mhamiaji, kwenye njia ya mhamiaji, na ilibaki kidogo watu hawa 86 peke yao wafikie robo ya hesabu yote ya miaka ishirini ya upande wa pili. Kipindupindu nacho hakikuchagua. Kiliwaingia Wacheyenne wa kusini mwaka 1849 kikawaua kwa wingi usiosemeka, na hakuna aliyekaa na shajara akiandika majina yao. Miti ya bonde la Platte iligeuka kuni. Malisho yalikwisha kwenye ukanda wa kilomita nyingi kila upande, na nyati wakahama. Mtu anayekufa kwa njaa majira mawili baadaye hayumo kwenye safu ya waliouawa.

Kwa hiyo namba zilezile zinavunja uongo mmoja, na ukizishika kizembe zinajenga mwingine. Na hapa ndipo nilipohamia upande wa watunzaji, maana nilijiuliza: Unruh alizipata wapi? Alizipata kwa kuwa watu waliandika, na wengine wakahifadhi. Kumbukumbu zilizoorodheshwa za waliopita njia ya Platte ni zaidi ya 2,000. Shajara inasema “tumepita makaburi kumi na mawili leo”, na ardhi inasema yako wapi. Ukilima ardhi, shajara inabaki maneno matupu, na mtu wa sinema anashinda kwa sababu picha yake inapendeza zaidi. Anayedhani kutunza njia ni kutunza hadithi ya walowezi amechanganya vitu viwili. Hadithi hiyo haihitaji njia hata kidogo. Inaishi vizuri studio, kwenye mabango na kwenye hotuba za wanasiasa. Njia ndiyo inayoisumbua.

Chukua kaburi la Rebecca Winters, karibu na Scottsbluff, Nebraska. Alikufa kwa kipindupindu Agosti 1852. Watu hawakuwa na jiwe la kuandika, wala muda, msafara haungoji. Rafiki wa familia alichukua pete ya chuma ya gurudumu, akaikunja, akakaa usiku kuchonga kwa patasi jina lake na umri, miaka 50. Pete ikasimikwa udongoni. Karibu nusu karne baadaye wapimaji wa reli walifika wakakuta chuma hicho mbele ya darubini yao, na reli ikasogezwa kando kidogo kulikwepa kaburi. Mwaka 1995 likahamishwa, kwa sababu wageni walikuwa wakisimama karibu mno na treni. Hiyo pete haisemi lolote kuhusu taifa linalozaliwa. Inasema mama alikunywa maji machafu akafa. Maelfu walikufa hivyo, na makaburi mengi yalifukiwa katikati ya njia kwa makusudi, magari yakapitishwa juu yake ili mbwa mwitu wasinuse.

Hata mwanzilishi wa kazi hii si mtu unayemtarajia. Ezra Meeker alipita njia mwaka 1852 akiwa kijana, na mke na mtoto mchanga. Mwaka 1906, akiwa na miaka 75, alifunga maksai wawili, Twist na Dave, akarudi nayo kinyumenyume kutoka Washington kuelekea mashariki, akisimamisha mawe ya ukumbusho kila mji uliokubali. Twist alikufa Nebraska. Meeker akatafuta mwingine akaendelea, na mwaka uliofuata akafika mbele ya Rais Theodore Roosevelt na gari lake. Watu walimwona mzee aliyeingiwa na wazimu wa mambo ya kale, na picha yake na ndevu nyeupe imewasaidia kuamini hivyo. Lakini miaka hamsini kabla ya safari hiyo, mwaka 1856, Meeker alikaa kwenye baraza la wazee wa mahakama katika kesi ya Leschi, kiongozi wa Wanisqually aliyeshtakiwa kwa kumuua askari wakati wa vita. Meeker alikuwa mmoja wa wawili waliokataa kumtia hatiani, na baraza likashindwa kuafikiana. Leschi alihukumiwa katika kesi ya pili na kunyongwa 1858. Mahakama maalumu ya kihistoria ilimsafisha mwaka 2004. Meeker alikuwa amekwisha sema hivyo miaka karibu 150 mapema, akiwa amezungukwa na walowezi wenzake waliotaka kamba.

Simfanyi mtakatifu. Mawe yake yanawasifu wafungua njia na yananyamaza kuhusu wengine. Lakini jiwe linaloonyesha mahali unaweza kuliwekea kibao cha pili. Mahali palipolimwa huwezi.

Na kuna watu ambao njia imewatunza bila kukusudia. Mjini Independence, pale safari inapoanzia, mmoja wa mafundi wakubwa wa magari na nira alikuwa Hiram Young, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani akanunua uhuru wake na wa mkewe. Karakana yake ilitoa mamia ya magari na maelfu ya nira. Sasa fikiri: mlowezi mweupe anakwenda kudai ardhi ya bure, na nira iliyo shingoni mwa maksai wake imechongwa na mtu ambaye sheria haikumruhusu kupata ardhi hiyohiyo. Maana sheria ya ardhi ya Oregon ya 1850 iliwapa ekari 320 wanaume weupe na ekari 640 wanandoa, pamoja na machotara wa kizungu na kienyeji. Weusi waliachwa nje kwa maandishi. Kabla ya hapo, mwaka 1844, serikali ya muda ya Oregon ilikwisha piga marufuku watu weusi kuishi huko, na viboko viliandikwa kwenye sheria. George Washington Bush alifika kwa njia hii mwaka huohuo wa 1844, mtu mwenye asili ya Kiafrika na mwenye mali, na kwa ajili ya sheria hiyo yeye na wenzake weupe waliosafiri naye walipita kaskazini mwa mto Columbia wakaanza makazi karibu na Tumwater. Mwaka 1855 ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria ya peke yake ili apate haki ya shamba lake. Huko Kansas, Louis Vieux, Mpotawatomi, alikuwa na daraja lake mtoni na kila gari lililopita lililipa dola moja. Mwenyeji akimtoza ushuru mlowezi! Nenda kaitafute hiyo sinema.

Kuhusu kufundisha sina mengi, kwa kuwa kazi nzuri imekwisha anza. Mwaka 1971 walimu watatu vijana wa Minnesota walitengeneza mchezo wa kompyuta kuhusu njia hii kwa ajili ya darasa la historia. Vizazi vya watoto wa Marekani vikakua vikijua kwamba njiani unakufa kwa kuhara damu. Inachekesha, lakini mchezo wa watoto ulikaribia ukweli kuliko Hollywood. Toleo la 2021 liliwashirikisha wataalamu wa kutoka jamii za wenyeji. Na tangu 1998, karibu na Pendleton, Oregon, makabila ya Cayuse, Umatilla na Walla Walla yana jumba lao, Tamástslikt, ambamo njia inasimuliwa na aliyekuwa amekaa nyumbani akiona vumbi linakuja. Serikali ina kituo chake Flagstaff Hill, kilichofunguliwa 1992 na kufunguliwa tena 2024 baada ya ukarabati wa miaka. Ningeshauri mgeni aende kote kuwili siku moja au mbili mfululizo, na aanze na Tamástslikt. Ukianzia garini utamwona mwenyeji kama kizuizi. Ukianzia nyumbani kwa mwenyeji utaliona gari kama lilivyokuwa, la kwanza likiwa jambo dogo, la mia likitisha, la elfu kumi likiwa balaa.

Hapa nikumbushe la kwetu, si kwa kulinganisha visivyolingana. Sisi hatuna alama za magurudumu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na sababu ni mdudu. Mwaka 1877 wamisionari wa London, wakiongozwa na Roger Price, walijaribu magari ya maksai kutoka Saadani kwenda Mpwapwa. Mbung'o wakawamaliza maksai. Mzigo ukarudi kichwani na begani kwa mpagazi, Mnyamwezi kwa jina au mtumwa kwa mnyororo, na bega haliachi mfereji kwenye jiwe. Kilichobaki ni miembe, visima, nyumba ya Kwihara pale Tabora, na majina ya vituo. Tanzania iliiweka njia hiyo ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, na bado ni ya awali. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mkondo uleule. Kila aliyekuja baada ya mpagazi amepita palipopitwa na mpagazi, maana mpagazi alikwisha jua maji yako wapi.

Na hiyo ndiyo sheria ya South Pass pia. Wahamiaji waliivuka milima ya Rocky hapo kwa sababu ni tambarare pana kiasi kwamba wengi hawakujua wamefika kileleni, mita 2,259 juu ya bahari. Mteremko rahisi kwa maksai ni rahisi kwa bomba, barabara na waya. Kwa hiyo mgongano hauepukiki, na anayesema kilomita zote 3,490 ziachwe na upeo wake mtupu anataka kisichowezekana, tena anawapa wapinzani wake sababu ya kumpuuza. Laini za umeme zipite. Zipite kwenye daraja la nne na la tano, kule ambako jembe na lami vilikwisha pita, hata kama waya utazunguka na gharama kupanda. Daraja la kwanza lisiguswe, nalo ni dogo: ukitoa mashamba, miji na barabara, nchi nzima ya Marekani inaombwa iache vipande vya nyika ambavyo gari dogo lingevimaliza kwa siku moja. Waliopigania Flagstaff Hill waliambiwa wanapinga nishati safi. Baadhi yao walikuwa wakiuliza tu kwa nini nguzo zipite mbele ya dirisha la kituo kilichojengwa ili watu watazame njia.

Wanaotembea na ramani hizi ni wengi wao wastaafu. Wanajua kusoma madaftari ya wapima ardhi wa serikali wa karne ya 19, kulinganisha shajara tatu zilizoandikwa siku moja na watu wasiofahamiana, na kupita na mashine ya kutambua chuma mpaka wapate msumari. Wacayuse, kwa upande wao, wamekuwa wakiwatafuta watu wao watano walionyongwa Oregon City, mji ambao mwaka 1850 ulikuwa mdogo, umepimwa, na umeandikwa na mamia ya watu waliofika hapo na shajara zao mfukoni. Sijaona kazi inayowafaa zaidi wazee hawa wa vigingi, wakialikwa na kabila, kuliko hiyo.